Hodi katika Wiki ya Tisa

Maabara yetu iko ghorofa ya chini, hapa Granada,
ukuta mmoja na mashine za kufulia mashuka.
Ukuta ukianza kutetemeka najua wanakamua maji,
naondoa jicho kwenye hadubini, nasubiri.

Leo nimeletewa kipande cha ngozi
chembamba kuliko ganda la kitunguu.
Kimeandikwa namba tu, lakini mwenyewe namjua:
Massin, mwana wa Mimoun na Fadma,
miezi kumi na tisa, kutoka El Ejido,
kule ambako plastiki za vitalu zimefunika ardhi
hata aliye ndegeni hudhani ni theluji.

Tundu lake la mkojo halikufika lilikokuwa likienda.
Lilikomea njiani, upande wa chini,
kama barabara ya mkandarasi aliyekula fedha.

Nijuavyo mimi ni hivi.
Wiki ya tisa, mtoto akiwa sawa na zeituni,
homoni hutumwa, hupita seli hadi seli.
Hodi, husema.
Ndani hukaa kipokezi. Kazi yake ni moja:
kuisikia hodi, kuitikia karibu,
kumshika mgeni mkono hadi kwenye kiini
wakafungue pamoja kitabu cha ujenzi.
Hapo ndipo mfereji huanza kufungwa,
kingo kwa kingo, nyuma kwenda mbele,
kama mtu afungaye zipu polepole gizani.

Na vipokezi vikiwa vichache?
Na kikiwa kiziwi?
Na kama kitini pake keshakaa mwingine,
si mgeni wala si mwenyeji,
aliyeingia na mvuke wa dawa ya ukungu?
Homoni inabisha. Si kwamba haipo, ipo tele.
Hodi.
Hodi jamani.
Wiki ya kumi na nne inapita,
mafundi wanafunga mizigo yao.

Mimoun aliniuliza kwenye korido,
akidhani mimi ni daktari kwa sababu ya koti.
Akanionyesha viganja. Miaka sita anapulizia nyanya.
"Ni hii?"
Nikasema sijui, nikaliona neno langu
likimkalia kifuani kama gunia la mbolea.
Fadma alikuwa na orodha yake mwenyewe:
makreti aliyobeba, kidonge cha kichwa, usiku mmoja wa hasira.
Na kila Ijumaa simu ya mkwewe toka Al Hoceima:
mmeshamtahiri?

Daktari Olalla ndiye aliyewazuia.
Ngozi ile msiiguse, alisema. Nitaihitaji.

Nimeliwaza hilo wiki nzima.
Govi, neno la kumtukania mtu,
kitu cha kufukiwa, cha kutupwa,
ndilo lililokunjwa, likageuzwa,
likashonwa kwa uzi mwembamba kuliko unywele
likawa njia.
Kilichobaki, ukucha wa mtoto kwa ukubwa,
ndicho hiki.

Nimekitia rangi. Kiini chenye kipokezi hugeuka kahawia,
kisicho nacho hubaki buluu.
Nahesabu mia mbili, kidole kwenye kibonyezo:
kahawia, buluu, buluu, kahawia, buluu.
Sitini na moja.
Narudia, huenda nimekosea.
Hamsini na nane.

Hiyo si jibu. Itaingia kwenye jedwali
pamoja na za watoto wengine arobaini.
Haitamwambia Mimoun kama ni dawa, ama damu,
ama ni mambo yaliyotokea tu.

Jana walimtoa mpira wa mkojo.
Nilikuwa nimepanda juu kufuata saini, nikamkuta Massin
kasimama mezani bila suruali, kaikasirikia dunia,
na Daktari Olalla ameinama karibu mno.
Mkojo ukaja.
Ukaenda mbele, umenyooka, ukampata kwenye miwani.
Fadma akapiga kigelegele, korido nzima ikageuka.
Mimoun alikuwa akitazama viganja vyake.